Mwili haujazoea dawa: kinachotokea kansa ikiwa sugu

Mama yangu mdogo alibadilishiwa dawa mwaka jana. Dripu za mwanzo zilifanya kazi vizuri tu, uvimbe wa titi ukanywea mpaka ukawa wa kutafuta kwa vidole, nyumbani tukaanza kuongelea mambo mengine, alafu miezi ikapita skani ikaonyesha vitu vimeanza kuota tena na dripu zile zile safari hii zikawa kama maji. Siku hiyo kwenye benchi la kliniki mama mmoja aliyekaa jirani yetu akasema ile kauli ambayo kila mtu ameshaisikia: "Mwili ukishazoea dawa ndo basi tena." Benchi zima likaitikia. Mama mdogo akaongeza la kwake kwa sauti ya chini, kwamba labda ni zile nyama choma alizokula kwenye harusi ya binti yake.

Naandika hii kwa sababu ya hiyo kauli ya benchi. Mwili haujazoea dawa. Wala dawa haijaisha nguvu. Kilichobadilika ni wakazi wa ule uvimbe, yaani seli zilizopo leo sio zile zilizokuwepo dripu ya kwanza inaning'inizwa.

Tuanze na malaria mana hii tumeiishi. Waliozaliwa zamani kidogo wanaikumbuka klorokwini, ule uchungu unaoganda kooni na kule kuwashwa mwili mzima usiku unajikuna mpaka kunakucha. Ilikuwa inaponya, ikawa haiponyi, mwaka 2001 Tanzania ikaiweka pembeni tukahamia SP, yaani Fansida, mwaka 2006 SP nayo ikaipisha ALu, hii ambayo wote tunaiita dawa ya mseto. Sasa jiulize, nani aliizoea klorokwini? Sio mwili wa mgonjwa, mana hata mtoto wa miezi kadhaa ambaye hajawahi kumeza kidonge maishani mwake alikuwa anaumwa malaria ambayo klorokwini haiigusi. Aliyekuwa sugu ni kimelea. Kulikuwa na vimelea vyenye badiliko kwenye protini moja inayokaa kwenye ukuta wa kifuko chao cha kusagia chakula, na kwa kupitia protini hiyo vikawa vinaitema dawa kabla haijavidhuru. Wenzao wakafa, wao wakazaa, na watoto wao wakarithi mdomo wa kutema.

Kansa inafuata mkondo huo huo, tofauti ni kwamba hapa hakuna mdudu aliyetoka nje. Ni seli za mtu mwenyewe zilizoacha kusikia amri, na hadithi yote ya usugu inaanza upya ndani ya kila mgonjwa mmoja mmoja. Usugu wa kansa ya mtu hauhamii kwa jirani wa kitanda cha pili, niliseme hilo mapema mana nimeshaulizwa.

Chukua uvimbe wa sentimita moja, yaani kama harage. Vitabu vya udaktari huwa vinakadiria hapo ndani pana seli bilioni moja hivi. Kila seli ikitaka kugawanyika lazima inakili DNA yake yote, yaani kitabu chake cha maelekezo, karibu herufi bilioni 6, na hakuna mwandishi wa kunakili kiasi hicho asikosee. Seli yenye afya ina mafundi wa kusahihisha makosa, ila seli nyingi za kansa mafundi wao wenyewe wameharibika, kwa hiyo makosa yanaachwa, yanarithiwa, yanaongezeka. Mengi hayana maana yoyote. Mengine yanaiua seli yenyewe. Na machache, kwa bahati tu, yanatokea kuwa ngao dhidi ya dawa ambayo mgonjwa hata hajaandikiwa bado. Kwa hiyo siku unaligusa harage bafuni ukashtuka, mle ndani tayari pana kijiji kizima chenye watu wa kila aina.

Hapa ndo watu wanakwama, na hata mimi nilikwama: kwamba ule usugu ulikuwepo kabla ya dawa. Akili yetu inataka dawa iwe mwalimu, seli iwe mwanafunzi, ipigwe, ijifunze. Swali hili liliwahi kuwasumbua wanasayansi wenyewe, sio kwa kansa bali kwa bakteria. Mwaka 1943 huko Indiana, Marekani, Salvador Luria alikuwa kwenye dansi ya wafanyakazi wa chuo, akawa anamwangalia mwenzake anacheza mashine ya kamari, kama haya madubwi ya mtaani, anakula hasara mara nyingi alafu ghafla mashine inamwaga sarafu. Akaondoka na wazo. Aliona kwamba kama bakteria wanajifunza usugu pale wanapokutana na kirusi kinachowaua, basi ukiotesha bakteria kwenye vichupa vingi tofauti na kuvimwagia kirusi, kila kichupa kitatoa masugu idadi ya karibu sawa. Ila kama usugu ni kosa la bahati lililotokea wakati wanazaliana, vichupa vingi vitatoa masugu wachache au hamna kabisa, na kimoja kimoja kitamwaga kama dubwi, mana pale kosa lilitokea mapema na ukoo ukapata muda wa kukua. Akafanya, Max Delbrück akamsaidia hesabu, na matokeo yakawa ya dubwi. Kirusi hakikufundisha mtu, kilipepeta.

Kupepeta ndo neno lenyewe. Dawa ya kansa ni ungo. Ukishapepeta unaona ungo mweupe unashangilia, na kweli ni haki ushangilie mana umeondoa mamilioni kwa mamilioni, ila zile chembe tatu zilizogoma kutoka ndo zitakazokuwa mbegu ya msimu ujao.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa kansa moja ya damu, ile lukemia sugu ya mailoidi (hapo "sugu" maana yake ya muda mrefu, sio ya kukataa dawa, Kiswahili chetu nacho kinatuchanganya). Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford, wakiwa Philadelphia, waliona kwenye seli za wagonjwa hawa kikromosomu (kifurushi cha DNA) kimoja kifupi kuliko kawaida. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha ufupi ule ni wa kubadilishana vipande: kromosomu ya 9 na ya 22 zimekatika na kuungana kimakosa. Pale kwenye kiungo ndo inazaliwa protini ambayo haikutakiwa kuwepo, BCR-ABL, na kazi yake ni kama swichi iliyogoma kuzima, inaiambia seli gawanyika gawanyika usiku na mchana. Kansa nyingi zina hitilafu lundo, hii mwanzoni inategemea swichi moja tu, ndo mana ikawa kati ya za mwanzo kupata dawa ya kulenga shabaha.

Dawa yenyewe ni imatinibu, dukani Glivec. Brian Druker wa Oregon alianza kuijaribu kwa wagonjwa mwaka 1998 na Mei 2001 Marekani ikaipitisha. Ilikuwa kidonge cha kumeza nyumbani, na watu waliokuwa wanahesabu miaka wakarudi kazini. Kwenye lile jaribio kubwa lililoanza mwaka 2000, walioanzishiwa imatinibu asilimia 83 walikuwa hai baada ya miaka 10. Huku kwetu wagonjwa wengi waliipata bure kupitia mpango wa msaada wa GIPAP, na wapo wanaotembea mpaka leo Nairobi na Kampala kwa sababu ya hicho kidonge.

Ila sherehe haikuwa hata imeisha. Mwaka huo huo wa 2001 maabara ya Charles Sawyers, California, ikatoa majibu ya wagonjwa ambao kansa yao ilirudi huku wanameza dawa. Walipoangalia BCR-ABL ya wagonjwa tisa wakakuta sita wana kosa moja lile lile, herufi moja tu ya DNA, kosa linaloitwa T315I. Fikiria soketi ya ukutani. Dawa ni plagi iliyotengenezwa kwa vipimo kukaa kwenye hiyo soketi ili swichi isipate umeme wake. Sasa ndani ya tundu moja pameingia kokoto. Plagi ya dawa inagonga haizami, lakini waya mwembamba wa umeme wa kawaida wa seli unapenya bila shida. Protini inaendelea na kazi kama hamna kilichotokea. Wagonjwa wengine watatu hawakuwa na kokoto, wao seli zao zilitengeneza nakala nyingi za jeni, yaani kile kipande cha DNA kinachotoa BCR-ABL, yaani soketi zimekuwa nyingi kuliko plagi.

Alafu mwaka 2002 kundi la Ufaransa likarudi kwenye sampuli za damu zilizohifadhiwa za wagonjwa kabla hawajameza kidonge hata kimoja, wakatafuta yale makosa, na kwa baadhi yao wakayakuta. Kidogo sana, yamejificha katikati ya umati, ila yapo. Luria tena.

Waliotengeneza dawa nao hawakukaa. Dasatinibu ikaja 2006, nilotinibu 2007, zikaweza kokoto karibu zote isipokuwa lile la T315I. Ponatinibu 2012 ikaundwa nyembamba ili ipite pembeni ya kokoto. Asiminibu ya 2021 ikaachana kabisa na ile soketi, inashika protini upande mwingine. Uzuri wa hii mbio ni kwamba daktari akiwa na kipimo cha kuonyesha kokoto ni lipi, anachagua dawa kwa kujua. Tatizo la kwetu ni kwamba kipimo hicho hakipo kila mahali, na pasipo kipimo kubadilisha dawa kunakuwa kupapasa gizani.

Hapa niweke kitu pembeni mana kinachanganywa sana na usugu. Mtu anameza imatinibu vizuri, kansa inapanda, kila mtu anasema imekuwa sugu, kumbe ameanzishiwa dawa za TB na ndani yake mna rifampisini. Rifampisini inaliamsha ini lisage dawa nyingine haraka, na kiwango cha imatinibu kwenye damu kinashuka kwa karibu robo tatu. Hapo seli hazijabadilika chochote, dawa haizifikii tu. Na ukiruka dozi ni hivyo hivyo: utafiti mmoja wa London wa 2010 ulioweka kifaa cha kuhesabu kwenye vifuniko vya chupa za dawa uligundua waliomeza chini ya asilimia 90 ya dozi zao matokeo yao yalikuwa mabaya mno ukilinganisha na wenzao. Kwa hiyo mwambie daktari kila unachomeza, hata ile mizizi ya kwenye chupa ya konyagi uliyopewa na shemeji.

Turudi kwenye seli zenyewe. Kokoto ni njia moja tu, na kwa kansa kama ya mama mdogo sio hata njia kubwa. Kemo ya kawaida, yaani dripu kama zile zake, hailengi soketi moja, inavuruga mashine ya kugawanyika, na dhidi ya hiyo seli zina mbinu ya kizamani: kutema. Mwaka 1976 kule Toronto, Victor Ling na Rudolph Juliano walieleza protini inayokaa kwenye ngozi ya seli, P-glaikoprotini, ambayo kazi yake ni kama baharia anayefua maji kwenye ngalawa inayovuja. Dawa inaingia, yeye anaichota anairudisha nje, inaingia, anaichota. Cha kuudhi ni kwamba hachagui. Seli iliyopata pampu nyingi kwa sababu ya dawa moja inajikuta inatema na nyingine ambazo haijawahi kukutana nazo, paklitakseli, doksorubisini, vinkristini, ambazo hazifanani wala hazitoki kiwanda kimoja. Na pampu yenyewe sio uovu wa kansa, unayo wewe, ninayo mimi, iko kwenye utumbo, kwenye ini, kwenye mishipa ya ubongo, inatulinda na sumu za kwenye chakula. Ndo mana juhudi za kuiziba hazikufika mbali. Walijaribu, na dawa ya presha iitwayo verapamili ilikuwa mojawapo ya vizibo vya mwanzo, ila wagonjwa walipata madhara zaidi kuliko faida.

Kuna seli zinazotafuta mchepuko: umefunga barabara kuu kwa dawa, zinafungua njia ya vumbi inayofika pale pale. Kuna zinazotengeneza upya fundi aliyeharibika, mfano zile zenye kasoro ya BRCA, jeni za kukarabati DNA, ambazo dawa inaziua kwa sababu tu haziwezi kujikarabati, alafu kosa jipya linatokea juu ya kosa la zamani na ukarabati unarudi. Kuna kansa za mapafu ambazo zikibanwa zinabadilika sura kabisa, zinaanza kuonekana kama aina nyingine ya kansa. Sitakaa hapo.

Ninapotaka kukaa ni kwenye zile zinazolala, mana hizi ndo zinampa mwalimu wetu wa mwanzo haki yake kidogo. Nimesema dawa inapepeta haifundishi, na kwa sehemu kubwa ni kweli, ila sio yote. Mwaka 2010 watafiti wa Boston walichukua seli za kansa ya mapafu wakazimwagia dawa zaidi ya mara 100 ya kiwango kinachotosha kuua nusu yake. Karibu zote zikafa. Zikabaki chache sana, chini ya moja kwa mia, zimetulia, hazigawanyiki, hazifi. Ungetegemea ukizichunguza ukute kokoto. Hamna. DNA yao haikuonyesha badiliko la kueleza kuhimili kule. Na walipoziondolea dawa zikaamka, zikazaliana, na watoto wao wakawa wanauawa na dawa ile ile kama kawaida. Yaani hazikuwa sugu, zilikuwa zimejifunga tu kama kambare mamba kwenye tope la kiangazi. DNA yao ni ile ile ila zimekunja kurasa, zimefungua nyingine, zimepunguza kila kitu. Shida ni kwamba aliyelala anapata muda, na kwenye muda huo baadhi yao wanaokota yale makosa ya kudumu. Kwa hiyo wengine wanarudi sugu kwa sababu walizaliwa hivyo, na wengine kwa sababu walijificha mpaka wakapata silaha. Kwa mgonjwa mmoja mara nyingi ni vyote viwili.

Sasa unapambanaje na kijiji chenye watu wa kila aina? Jibu la kwanza tayari unalo jikoni kwenye boksi la ALu: mseto. Hesabu yake ni rahisi. Tuseme seli moja kwenye milioni ni sugu kwa dawa ya kwanza, na moja kwenye milioni ni sugu kwa ya pili. Kwenye lile harage la bilioni, kila dawa peke yake inaacha mabaki elfu moja. Ila anayezikwepa zote mbili kwa mpigo ni mmoja kwenye milioni mara milioni, na harage halina watu wengi hivyo. TB ilifundisha hili mapema, ARV zikalirudia, na kwenye kansa lilifika hata Kampala zamani kuliko watu wanavyodhani. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji hospitali ya Mulago, aliandika mwaka 1958 kuhusu watoto waliokuwa wanavimba taya, na ile limfoma, yaani kansa ya tezi za limfu, ikabeba jina lake. Ni uvimbe unaokua haraka kiasi cha kujizidisha mara mbili ndani ya siku moja au mbili. Ukipewa dawa ya kemo iitwayo saiklofosfamaidi unayeyuka mbele ya macho yako, alafu kwa watoto wengi unarudi. Mwaka 1967 taasisi ya kansa ya Uganda ikafunguliwa hapo hapo Mulago, na John Ziegler na wenzake wakaanza kupima dawa kwa mchanganyiko. Wakajifunza na jingine, kwamba mara nyingi uvimbe ulirudia kwenye ubongo na uti wa mgongo, ambako dawa ya mshipani haifiki vizuri, ndo mana dawa ikawa inachomwa moja kwa moja kwenye maji ya uti wa mgongo. Kwa hiyo mseto unahitaji dawa zinazopita njia tofauti, mana ukichanganya tatu ambazo pampu moja inazitema zote umechanganya jina tu, na unahitaji dawa inayofika kila chumba cha nyumba.

Mseto una bei yake, mwili una kikomo cha sumu. Ndo wengine wakaanza kuuliza swali la upande wa pili, kwamba kama huwezi kuwamaliza masugu, je unaweza kuwatumia wasio masugu wawabane? Hapo turudi kwenye klorokwini. Malawi waliiacha mwaka 1993. Utafiti uliotoka 2006 wa watoto wa Blantyre ukaonyesha imerudi kufanya kazi, iliponya 79 kati ya 80. Kumbe kimelea mwenye mdomo wa kutema analipia, na dawa isipokuwepo wasiotema wanamshinda kuzaliana. Robert Gatenby wa Tampa, Florida, alichukua wazo la aina hii, yeye kwa kuangalia wakulima na wadudu wa mashambani, akalipeleka kwenye kansa ya tezi dume: mpe mgonjwa dawa mpaka kipimo cha damu kishuke nusu, simamisha, acha seli laini ziote ziwasonge masugu, kipimo kikirudi kilipoanzia rudia. Ripoti yao ya 2017 ilikuwa ya wanaume 11 tu na wengi wao walikaa muda mrefu bila kansa kupanda huku wametumia chini ya nusu ya dawa. Kumi na moja ni wachache, na ile ilikuwa kliniki yenye vipimo vya kila mara, kwa hiyo asitokee mtu akasimamisha dozi zake nyumbani eti anaotesha seli laini.

Mama mdogo walipomwambia wanataka kuchukua tena kinyama cha kupima alikasirika, akasema si mlishapima, mnanichoma choma tu. Nikamweleza kuhusu ungo na zile chembe tatu, kwamba kile kipimo cha mwanzo kilikuwa cha kijiji cha zamani, hawa wa sasa ni ukoo mwingine, na titi lililokuwa linasikia dawa ya homoni linaweza kurudi halisikii, au kinyume chake. Akafikiri.

"Kwa hiyo mwanangu, hawa walikuwemo toka mwanzo?"

"Wengi wao walikuwemo, mama."

"Kabla ya harusi?"

"Kabla ya harusi."

Akajifunga vizuri kanga yake, akaniambia nimshikie pochi, akaingia kuchomwa.